Pune, Mji Unaofanana na Kwetu kwa Makusudi

Anayehamia nchi ya mbali hupewa na ndugu zake mashauri ya kumkinga na mambo mageni. Usinywe maji ya bomba. Ng'ombe akikaa barabarani mpishe. Ukipoteza pasipoti usilie, kwanza tafuta kwenye soksi. Nami nilipofungasha mizigo Tanga kumfuata mke wangu, aliyepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili mjini Pune, India, nilipewa hayo yote na yote yalinifaa. Maji niliyachemsha, ng'ombe nilimpisha, na pasipoti ilikuwa kwenye soksi. Mambo mageni hayakunipata, kwa sababu niliyaona yakija kwa mbali.

Yaliyonipata ni yale yanayofanana na ya kwetu. Hayo hayapigi hodi. Yanaingia, yanaketi, yanakuita ndugu, na ukishayapa mgongo yanakupiga mtama.

Pune, nawaambia, umejaa vitu vinavyofanana na vya kwetu kupita kiasi. Magari yanapita kushoto. Chai ni ya maziwa, sambusa zipo, pilau ipo, na wanawake wanabishana na muuza vitunguu kwa sauti ileile ya sokoni Ngamiani. Mitaani bajaji zimejaa, tena huku ndiko kwao hasa, maana kampuni iliyozipa jina, Bajaj Auto, ina makao yake makuu Akurdi, viungani mwa mji huu. Mtu aliyekulia Tanga akipanda bajaji kwenda Chumbageni, akishuka Pune anajiona amefika ukweni.

Basi nikasimamisha bajaji ya kwanza kwa madaha ya mkwe. Nikataja ninakokwenda, nikasubiri bei, nikajiandaa kuikata nusu, kisha kugeuza mgongo nijifanye naondoka, kisha kurudi kwa huruma. Dereva hakutaja bei. Alinyoosha kidole kwenye mita. Mita! Nikapanda kimya, ujuzi wangu wote wa kupatana ukiwa haujaguswa. Siku iliyofuata, mtu niliyeelimika, nikanyoosha kidole mimi mwenyewe kwenye mita. Dereva yule akacheka mpaka akazima injini, kisha akataja bei ambayo ingenifikisha nusu ya njia ya kurudi Afrika. Kanuni nilikuja kuigundua baadaye: mita inafanya kazi siku ile ambayo hukuitaja.

Ni bajaji vilevile iliyonipeleka Aga Khan.

Ilianza na vadapav, chakula kinachouzwa kila kona ya mji huu. Ni mkate mdogo wa bofulo, unapasuliwa, unatiwa kiazi kilichopondwa na kukaangwa ndani ya unga wa dengu, unapakwa chatini ya kitunguu saumu, na pembeni unawekewa pilipili mbichi nzima iliyopitishwa kwenye mafuta. Kwetu pilipili ya pembeni ni pambo, unaionja ncha tu kuonyesha uungwana. Hapa wenzangu walikuwa wakiitafuna nzima huku wakizungumza habari za kriketi. Nikatafuna. Alasiri yake tumbo likaanza kuniita kwa jina langu kamili, la baba na la babu.

Mke wangu alikuwa darasani. Nikaingia kwenye bajaji nikiwa nimejikunja, dereva akaniuliza wapi, nami nikajibu anavyojibu Mtanzania yeyote aliyeugua akiwa na akiba kidogo mfukoni: "Aga Khan." Dereva aliutazama uso wangu, akaelewa kuna haraka, akapita kila penye upenyo na pasipo na upenyo. Nikasema moyoni, ama kweli huyu anajua thamani ya uhai.

Tukafika kwenye geti kubwa. Mbele yangu kulikuwa na bustani pana, jumba jeupe lenye matao mengi, na watu wanapigana picha. Hospitali ya matajiri, nikawaza. Dirishani nikatozwa ada ya mgeni kutoka nje, kubwa kuliko ya wenyeji, nikailipa bila neno nikijua ni ya kumwona daktari. Nikaingia ndani, chumba baada ya chumba, nikitafuta mtu mwenye koti jeupe. Kila nilikogeuka nikakutana na picha ya Mahatma Gandhi.

Hilo ni Kasri la Aga Khan. Alilijenga mwaka 1892 Sultan Muhammad Shah, Aga Khan wa Tatu, yuleyule ambaye wafuasi wake walimpima kwa almasi mjini Dar es Salaam mwaka 1946. Waingereza walimzuilia Gandhi humo tangu 1942 hadi 1944, na mkewe Kasturba alifia humo. Maelezo yapo ukutani, yameandikwa vizuri, nami niliyasoma yote kwa makini ya mtu anayefuata mishale huku akiomba mmoja wao uelekee msalani. Hatimaye mmoja ulielekea. Historia ya kupigania uhuru wa India wengine wameisoma chuo kikuu. Mimi nimeisoma nimejikunja, na mpaka leo siisahau.

Sokoni nako kuna jambo la kichwa. Soko kuu la Mandai limejengwa kwa mawe zama za Waingereza, lina mnara, na ndani yake mboga zimepangwa kwa ustadi hata unaona haya kuzivuruga. Nilitaka biringani. Muuzaji akasema rupia 40 kwa kilo. Nikasema 30. Akaegemeza kichwa bega la kushoto, kisha la kulia, kisha tena la kushoto. Mtu akitikisa kichwa kwetu amekataa. Nikasema 35. Akakiegemeza tena, safari hii kwa kasi na kwa tabasamu. Tabasamu la dharau, nikawaza. Nikasema 40, na nilipoona kichwa bado kinakwenda nikafika 45. Hapo kichwa kikasimama. Muuzaji alinitazama kwa muda, akamtazama jirani yake wa nyanya, kisha akachukua fungu la kotimiri akalitia kwenye mfuko wangu bure, kwa namna mtu anavyotoa sadaka. Bwana yule alikuwa amekubali tangu 30. Sidhani kama Mandai iliwahi kumwona mnunuzi mwingine aliyempandishia bei muuzaji aliyekwisha kusema ndiyo.

Kwenye malipo nilijua hapo nitawafundisha wao. Sisi ni watu wa M-Pesa. Wakenya walianza mwaka 2007, Tanzania ikafuata 2008, na bibi yangu kijijini Muheza alikuwa akipokea pesa kwa simu wakati sehemu kubwa ya dunia bado inapanga foleni benki. Kwa hiyo nilipoona kila mkokoteni wa Pune una kibandiko cha mraba chenye vidoa vyeusi, wateja wanakielekezea simu, na kisanduku kidogo kinatangaza kwa sauti kiasi kilichoingia, nilicheka kimoyomoyo. Haya ni yetu haya.

Kumbe pesa ya kwetu inakaa kwenye simu, na ya kwao inakaa benki, simu ni mlango tu. Mfumo wao wanauita UPI, ulianza 2016, na ili uingie unatakiwa akaunti, na akaunti inataka karatasi, na kila karatasi inataka karatasi nyingine ya kuishuhudia. Wakati karatasi zangu zikiendelea kushuhudiana, nilitembea na noti za rupia 500. Muuza madafu akaikataa noti yangu kwa kukosa chenji. Nyuma yangu akaja mzee aliyejifunga shuka kiunoni, hana viatu, akatoa simu, kisanduku kikatangaza rupia zake mtaa mzima ukasikia, akanywa dafu lake akaondoka. Nikabaki na noti mkononi na kiu kooni, mjukuu wa waasisi wa pesa za simu.

Halafu kuna wanawake wa skuta. Mji huu una pikipiki na skuta kuliko unavyoweza kuhesabu, na wasichana wengi waendeshao hufunika uso wote kwa mtandio, wakabakisha macho, na macho yenyewe wakayawekea miwani myeusi, mikononi wakavaa glavu ndefu mpaka kwenye kiwiko. Nami ni mtu wa pwani. Nilipoona umati wa namna hiyo umesimama kwenye taa nyekundu, moyo wangu ulifunguka. Kumbe Waislamu tuko wengi hivi? Nikiwa ukingoni mwa barabara nikamsalimu aliyekuwa karibu yangu, taratibu na kwa heshima: "Assalamu alaikum, dada." Aliinua miwani akanitazama. Kisha akafungua mtandio mzunguko kwa mzunguko, maana unakwenda mbali ule, na ndani yake akatokea msichana wa Kihindu mwenye kidoti kwenye paji la uso. Akajibu "Namaste" kwa ukarimu mkubwa, akajifunga tena mzunguko kwa mzunguko, na taa ikawa ya kijani kabla hajamaliza. Honi zilizopigwa nyuma yake zilikuwa zangu kwa haki. Mtandio ule ni wa jua na vumbi, na huvaliwa na wasichana wa kila dini.

Nyumbani, kwa kuwa mke wangu anasoma na mimi bado natafuta kazi, jiko liko chini ya mamlaka yangu. Presha kuka naijua, maharage ya Tanga hayaivi kwa maneno matupu. Lakini kwetu ukipika unafungua, unaonja, unafunga. Huku mapishi hupimwa kwa filimbi: wali filimbi chache, dengu zaidi kidogo, na maelekezo ya jirani huja hivyo hivyo, bila dakika wala saa. Nikatega sikio. Tatizo ni kwamba kuta za jengo letu ni nyembamba, na saa sita mchana presha kuka za ghorofa nzima zinaimba pamoja. Maharage yangu niliyaepua kwa filimbi za mama wa mlango wa pili. Dengu zake ziliiva vizuri sana siku ile. Maharage yangu mke wangu alinishauri nimpelekee mtoto wa jirani achezee bao.

Niliporudi kuyapika upya, mpira wa mfuniko ukakatika. Ilikuwa saa saba mchana na dakika tano. Mtu wa Pune angeshanihurumia hapo. Maduka ya zamani ya mji huu yamejijengea sifa ya kufunga saa saba mpaka saa kumi, watu wakale na kulala, na wenyeji wenyewe wana hadithi na vichekesho chungu nzima juu ya usingizi huo. Mimi sikushangaa, kwani Tanga nako mwenye duka hufunga akaswali, akala, akajinyoosha. Ila Tanga ukimgongea mlango wa nyuma, ukamwambia mzee wangu nina shida, anaamka, anakuuzia, na anakuuliza hali ya mama. Nikazunguka nyuma. Nikagonga. Kuna aina ya vibao ambavyo Pune inajulikana navyo, vyenye adabu inayokata, na kimoja kilikuwa kimebandikwa mlangoni hapo usawa wa pua yangu. Sikujua kukisoma. Mwenye duka alitoka, akakionyesha kwa kidole, akanisomea chote kuanzia juu mpaka chini kwa sauti ya mwalimu wa chekechea, kisha akarudi kulala. Mpira niliununua saa kumi na dakika moja, kwa mtu huyohuyo, na hakuna aliyemkumbusha mwenzake lolote.

Hata upepo ulinizunguka. Sisi wa pwani kusi tunaijua tangu tumboni. Mababu waliokuwa wakienda na majahazi waliisubiri iwasukume mpaka Uarabuni na India, na kaskazi ikawarudisha. Kwetu kusi ni upepo wa kuanikia nguo. Basi mwezi wa Juni upepo ulipoanza kuvuma Pune kutoka magharibi, nikaunusa, nikamwambia mke wangu, "Huu wetu huu, umetufuata." Nikafua kila kitu chenye pindo nyumbani, pamoja na mapazia.

Upepo wenyewe ni uleule kweli. Unavuka ikweta karibu na pwani yetu, unapinda, unakuja huku. Lakini njiani unakata bahari yote, unakunywa maji, na ukifika kwenye milima ya Sahyadri unayamwaga, na unaendelea kuyamwaga mpaka Septemba. Nguo zangu zilianikwa sebuleni, chumbani, jikoni, na juu ya feni. Tuliishi tukiinama. Mapazia yalipokauka mke wangu alikuwa ameshamaliza mitihani. Viatu vyangu vya ngozi, nilivyooa navyo, nilivifungulia kabati nikakuta vimeota manyoya meupe, laini, hata nikavisalimu. Mama alipiga simu kutoka Tanga akasema kusi ya mwaka huu nzuri sana, amekausha mpaka magodoro.

Sasa niwaambie la dagaa.

Mama huyohuyo ndiye aliyenifungia dagaa wa Kigoma, kwa plastiki na gazeti na plastiki tena. Katika jengo letu wengi hawali nyama wala samaki, ila mwenye nyumba alikwisha kutuambia jikoni kwetu ni kwetu. Jumapili moja ya mvua, hamu ya kwetu ikanishika, nikawakaanga dagaa kwa kitunguu na nyanya. Dirisha liliingiza mvua, nikalifunga. Mlango nikauacha wazi. Harufu ikashuka ngazi kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda.

Baada ya muda nikasikia sauti nyingi uani. Nikatoka kuangalia. Kamati ya jengo ilikuwa imekusanyika chini ya miavuli. Wengine walisema ni gesi inavuja. Wengine walisema ni panya amefia kwenye bomba. Mlinzi alikuwa ameshika tochi, na katibu wa kamati ameshika kitambaa puani. Katibu aliponiona alifurahi, kwa kuwa mimi ni kijana na mfuniko wa chemba ya maji machafu ni mzito. Akaniomba nisaidie. Ujirani mwema hautaki maswali, nikaunyanyua. Tukachungulia sote. Tukamulika kushoto, tukamulika kulia. Nikatoa maoni kwamba huenda panya ameingia ndani zaidi. Tukamwaga dawa, tukafunga, kamati ikanishukuru mbele ya watu, na mlinzi akanisifu kwamba wageni wa zamani hawakuwa na moyo kama wangu.

Magharibi mlango ukagongwa. Alikuwa mzee wa ghorofa ya juu, mtu wa Ratnagiri, pwani ya Konkan. Alikuwa ameshika bakuli lililofunikwa. Aliangalia ngazi juu, akaangalia chini, akaingia, akafunga mlango mwenyewe.

"Kijana," akanong'ona, "samaki gani yule?"

Nikamwonyesha. Akawanusa dagaa wa Kigoma kwa macho yaliyofumbwa. Kisha akafunua bakuli. Ndani kulikuwa na bombil, samaki wa pwani yao, aliyekaushwa juani mpaka amekuwa ubao. Alikuwa amemficha kabatini tangu aliporudi likizo, hana ujasiri wa kumkaanga. "Leo," akasema, "chemba imeshabeba lawama. Tukae siku nyingine tuitafutie sababu ya pili?"

"Lete, mzee," nikamjibu.

Tukakaanga. Kutoka dirishani nilimwona mlinzi akiizunguka chemba, akiipiga teke.

Nikaona tule na ugali. Sembe nyeupe Pune sijaipata. Unga wa mahindi uliopo ni wa njano, wa kupikia mikate. Kwa hiyo nasonga ugali wa unga wa mchele, na siyo siri, unasongeka. Nilikuwa katikati ya kuusonga mkewe mzee alipoingia kumtafuta mumewe. Bombil hakumtazama, alikuwa akimjua. Alisimama mbele ya sufuria langu akapiga makofi.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mwaka, Agosti au Septemba, Pune huadhimisha sikukuu ya mungu wa Kihindu, Ganesh, ambayo mpigania uhuru Tilak aliifanya ya hadhara mjini humu miaka ya 1890. Katika sikukuu hiyo hupikwa modak, kitamtamu ambacho Ganesh husemwa kukipenda kuliko vyote. Ganda la modak ni unga wa mchele, unaotiwa kwenye maji yanayochemka na kusongwa mpaka ukamatane. Yaani ugali wangu. Bibi yule, aliyepika modak maisha yake yote, aliona kijana wa Kiafrika amejifunza mwenyewe, amesonga vizuri, na amekwama tu kwa kukosa vya kutia ndani. Nilijaribu kumweleza. Akaegemeza kichwa kushoto na kulia, na sasa nilijua maana yake ni kwamba amekubali, alichokubali sikukijua. Akapanda juu, akashuka na nazi iliyokunwa, ikapikwa na sukari guru na iliki. Akaketi. Akafinyanga ugali wote, hakubakisha hata ukoko.

Kwa mara ya kwanza tangu nifike mji huu, aliyepigwa mtama na mfanano hakuwa mimi. Nilifarijika hata nikamsaidia kufinyanga.

Mke wangu alirudi kutoka maktaba amelowa, ana njaa, amesikia harufu ya dagaa tangu getini na amekuja akikimbia. Nikamwonyesha chakula. Ugali ulikuwa umepangwa kwenye sinia vidonge vidonge, kila kimoja kimefinywa kileleni kama kitunguu saumu, na tumboni kina nazi na sukari guru. Akachovya kimoja kwenye mchuzi wa dagaa, akatafuna polepole, mzee na bibi wakimtazama kwa hamu.

"Weye," akaniambia kwa Kiswahili, huku akiwatabasamia wageni, "kesho pika wali."